Pilipili Chini ya Lakiri

Sehemu ya Kumi na Mbili: Kiapo cha Mzee Magige

Wiki iliyopita tulimwacha Judith Magige mbele ya mlango wa ghala, mtaa wa Kabasa mjini Bunda, ameshika karatasi aliyopewa na afisa biashara. Chini ya karatasi ile aliona sahihi ya baba yake.

Hakuna mtu mwingine anayeandika hivyo. Mzee Magige alijifunza kuandika akiwa tayari ana watoto wanne, katika darasa la watu wazima, na mpaka leo herufi zake ni kubwa na zimesimama wima.

Judith alisoma mara ya pili, kisha ya tatu. "Mimi Magige Mugeta, mkazi wa Butiama, naapa mbele ya Mungu kuwa Ghati Enos ni binti yangu."

Ghati mwenyewe alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake. Kitambulisho chake cha Kenya kilikuwa mkononi mwa afisa.

"Nisaidie, mama," alisema Bwana Felisiani, afisa biashara. "Huyu ni binti wa baba yako, au si binti wa baba yako?"

Judith aliugeukia mlango. Nyuma ya mlango ule, uliofungwa kwa kufuli na lakiri nyekundu tangu Jumatatu, kulikuwa na magunia mia tatu ya pilipili kichaa. Ni jasho la kaya mia mbili za kijiji cha Bugwema, na yeye ndiye katibu wa kikundi chao. Neno lolote ambalo angelitamka pale lingeingia kwenye faili.

Kwa aliyeanza kusoma leo, mambo yako hivi.

Ghati amenunua pilipili Bugwema kwa misimu mitano. Yeye ndiye aliyeleta mbegu, akawafundisha akina mama kukausha juu ya vichanja badala ya kuanika chini kwenye vumbi, akatafuta mnunuzi Ulaya anayechukua kontena zima kupitia Mombasa. Kisha ikaja amri ya serikali: asiye raia asinunue mazao shambani.

Amri hiyo ina sababu zake. Wapo wageni waliozunguka vijijini na mizani ya kuibia watu, na wakulima walilia. Lakini Ghati hakuwa na mizani ya wizi. Wala hakuwa na mtaji wa kujenga kiwanda ili aandikwe katika daftari la wawekezaji. Alikuwa na vichanja arobaini, ghala la kupanga na pikapu moja. Sheria ilimtambua tajiri mwenye kiwanda, ikamtambua na raia. Ghati haikumtambua.

Mwaka jana fomu ya pango la ghala ilipomtaka aonyeshe uhusiano wake na nchi hii, Mzee Magige alivaa koti, akaenda naye kwa wakili, akaapa. Judith alikuwa Bugwema kwenye mavuno. Hakujua lolote mpaka dakika hii.

"Kiapo cha uongo ni jinai," aliendelea Felisiani. Hakuwa mtu mkali, alikuwa amechoka tu. "Nikilipeleka hili polisi, pilipili inakuwa kielelezo."

"Kielelezo kinakaa muda gani?"

"Mpaka kesi iishe. Nimewahi kuona baiskeli ikikaa miaka mitatu."

"Baiskeli haioti ukungu, afisa."

Felisiani aliangalia mlango. Hata yeye alikuwa anaisikia harufu. Pilipili iliyokaushwa ikinyimwa hewa inatoa jasho, na mvua za juma lile zilikuwa zimeleta unyevu wa ziwa mpaka Bunda. Kule Ulaya wanapima. Wakikuta ukungu kwenye gunia moja, wanarudisha kontena lote.

Ghati akauliza, kwa upole, kama hii jumuiya ya Afrika Mashariki wanayoimbiwa kila siku haina maana yoyote. Felisiani akamjibu kuwa maana inayo. Bidhaa zinavuka, magari yanavuka, hata yeye Ghati amevuka na hakuna aliyemzuia. Kusimama shambani kwa mtu na kununua, hapo ndipo palipofungwa.

"Sasa bidhaa itavuka aje kama hakuna wa kuinunua?" alisema Ghati.

"Sheria haikuandikwa na mimi."

Hata hivyo alitoa njia, na njia yenyewe ilikuwa nyembamba. Kikundi cha Bugwema kina leseni yake, na viongozi wake wote wameandikwa kuwa raia. Mzee Magige akifika ofisini Musoma na kukifuta kiapo chake, pango la ghala litahamia kwa kikundi. Kikundi kitasafirisha pilipili kwa jina lake, na Ghati ataipokea ng'ambo ya mpaka kama mnunuzi mwingine yeyote. Hakuna kesi, hakuna kielelezo.

Ila iwe kesho Ijumaa, kabla ya saa tisa na nusu alasiri. Baada ya hapo Felisiani anaondoka kwenda Dodoma kwa semina ya wiki mbili, na hakuna afisa anayethubutu kukata lakiri ya mwenzake.

Kesho hiyohiyo jioni lori lilipaswa kuvuka mpaka wa Sirari. Meli ya Mombasa haikuwa inamsubiri mtu wa Bugwema.

Judith alipogeuka, alimkuta Apolinary kwenye kibaraza cha duka la jirani, soda mkononi. Apolinary ni dalali wa mazao, na tangu amri itoke amenenepa.

"Dada Judith, mnahangaika bure. Mimi nina leseni, na ni raia tangu tumboni mwa mama yangu. Nipeni hiyo pilipili kwa nusu bei, mkalale."

"Msimu uliopita uliiita takataka."

"Msimu uliopita ilikuwa na mwenyewe."

Akamwambia pia kuwa amekwisha kuzungumza na mwenye lori jingine. Kesho saa tisa na nusu atakuwa nje ya ofisi ya afisa, kwa sababu kikundi kikishindwa, kitamhitaji yeye kabla ya jua kuzama. Alisema hayo bila kupandisha sauti, kama mtu anayetangaza muda wa ibada.

Wanawake wale wawili wakashika njia ya Butiama. Pikapu ya Ghati, yenye namba za Kenya, ilisimamishwa mara mbili na askari, na mara zote mbili aliyeulizwa maswali alikuwa Ghati.

Mzee Magige walimkuta zizini, akiwapaka ng'ombe dawa ya kupe. Alifurahi kuwaona. Aliwauliza kama wamekula, akaagiza ugali, akaendelea na ng'ombe wake. Ilibidi Judith aongee huku akimfuata kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine.

"Baba, kwa nini uliapa uongo?"

"Uongo upi?"

"Kwamba Ghati ni binti yako."

Mzee alinyooka. Aliitazama karatasi, akaitambua, akamrudishia.

"Hapo pameandikwa vizuri," alisema.

Judith alimweleza habari ya amri, ya ghala, ya jinai. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaeleza na yeye ya kwake, polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Enos, baba yake Ghati, alitoka ng'ambo ya Kenya akiwa kijana, akalelewa na mjomba wake hapahapa Butiama kabla ya kurudi kwao kuoa. Yeye na Enos walitahiriwa asubuhi moja, kwa kisu kimoja, wakauguza vidonda katika nyumba moja. Ni watu wa rika moja. Mtoto wa mwenzako wa rika ni mtoto wako. Huwezi kumwoa. Akikosea, wewe ndiye unayeitwa. Akifa, wewe unanyoa nywele.

"Enos alipokufa nilikwenda kumzika, na huyu alikuwa ananishika mkono. Tangu siku hiyo ananiitaga baba. Sasa wakili aliniuliza, mzee, huyu ni nani yako? Ulitaka nimjibu ni mgeni?"

"Alitaka kujua wa kuzaa, baba."

"Hakuuliza hivyo. Na hata angeuliza..."

Mzee alichovya kitambaa kwenye dawa, akarudi kwa ng'ombe.

Ghati akajaribu yeye. Alipiga goti kwenye samadi, bila kujali sketi yake.

"Baba, nikane tu. Mimi sitaumia. Hiyo si ni karatasi tu?"

"Karatasi ndiyo iliyofunga ghala. Usiniambie ni karatasi tu."

Hapo Judith alichoka. Alikuwa ameamka saa kumi alfajiri, alikuwa amebembeleza serikali mchana kutwa, na sasa anabembeleza zizi. Alimwambia baba yake kuwa kuna mama Bugwema aliyeuza mbuzi wake wa mwisho ili apalilie ile pilipili. Kwamba watu wale hawalijui rika lake, hawakuwepo kwenye kisu chake, na hawatakula sifa za Enos.

"Rika lako lilikuwa la watu wa zamani," alisema. "Sasa hivi kuna mpaka."

Mzee Magige alimtazama muda mrefu. Haikuwa hasira. Judith angejua cha kufanya na hasira.

"Mwanangu," alisema, "ukianza kukana watoto wa rika, hujui utafika wapi. Unaweza usipapende."

Judith aliyachukua maneno hayo kama ukaidi wa uzee. Wewe na mimi, msomaji, pengine tungefanya hivyohivyo.

Asubuhi walimkuta amekaa ndani ya pikapu, koti limefungwa vifungo vyote, kofia kichwani, fimbo kati ya magoti. "Twendeni Musoma," alisema.

Saa tatu walikuwa mlangoni mwa ofisi. Mlinzi akasema afisa yuko kikaoni. Saa tano akasema kikao kimekwisha, ila afisa amekwenda kwenye kikao kingine. Saa sita Shida, karani wa ofisi, aliwaonea huruma, akawaambia kwamba hata afisa akirudi, kiapo hakifutwi bila wakili kugonga muhuri, na wakili ni lazima awe yuleyule wa mwanzo.

Wakaenda Nyasho kwa wakili. Wakili alikuwa msibani. Wakamfuata msibani. Alikubali kuja, lakini muhuri ulikuwa ofisini, na ufunguo wa ofisi alikuwa nao mtu aliyekwenda benki. Walipoupata muhuri, umeme ukakatika, na kitambulisho cha Mzee kilikuwa hakijatolewa kivuli.

Dereva wa lori alipiga simu kutoka Kabasa mara nne. Mara ya tano Judith hakupokea.

Mzee Magige alikaa kwenye benchi muda wote huo, mgongo wima, hajanywa hata maji. Upande wa pili wa benchi hilohilo alikuja kukaa Apolinary. Alimwamkia Mzee kwa heshima zote, akamsogezea nafasi, akaanza kuchezea simu yake.

Saa tisa na dakika kumi mlango ukafunguliwa.

Felisiani alikuwa na begi la safari chini ya meza. Alimpa Mzee kiti, akamwamkia, wakaulizana nyumbani. Felisiani ni mtu wa Ikizu, na alipoisikia habari ya rika na kisu kimoja aliitikia kwa kichwa. Alisema anaelewa. Alisema baba yake mwenyewe angeapa hivyohivyo. Kisha akasema kuwa Dodoma hawataelewa.

Shida alikuwa ameandaa maelezo. Judith aliyasoma kwa sauti. Kwamba Ghati Enos ni mtoto wa marehemu rafiki yake. Kwamba neno binti lilitumika kwa mujibu wa mila, si kwa nia ya kudanganya. Maneno yalikuwa mazuri, yasiyomdhalilisha mtu.

Mzee alimgeukia Ghati. "Unayakubali?"

"Nayakubali, baba."

Mzee akavaa miwani. Akatia sahihi, herufi moja baada ya nyingine. Wakili akagonga muhuri. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini, na Felisiani alikuwa tayari anatafuta ufunguo wa ghala kwenye droo, apitie Bunda kukata lakiri.

"Bado jambo dogo," alisema. "Ukurasa wa pili. Andika majina ya watoto wako wa kuzaa, wote. Wakubwa wangu watauliza, tusije kesho tukaletewa binti mwingine."

"Ni lazima?"

"Ni lazima, mzee."

"Na hii nayo ni kiapo?"

"Kiapo. Mbele ya Mungu, kama kile cha kwanza."

Mzee aliivuta karatasi. Nje Apolinary alikohoa. Kisha Mzee akaandika. Abraham. Akapumzika. Getruda. Lameck. Kwa jina la nne alichukua muda zaidi, kwa sababu Hilda alikufa mdogo, na alitaka kulipanga vizuri. Halafu akairudisha kalamu kwenye kifuniko chake.

Felisiani aliisoma orodha, akatabasamu.

"Mzee, mbona umemruka katibu? Huyu si ndiye kitinda mimba wako?"

"Sijamruka," alisema Mzee Magige.

Hakuna aliyeelewa. Judith alifikiri baba yake amechoka, akasogea kumwonyesha mstari. Mzee akaushika mkono wake akautuliza juu ya meza, na aliongea akiutazama mkono, si uso.

"Enos alimleta huyu akiwa na siku mbili. Mama yake alifia kwenye uzazi, huko kwao Kenya. Mke wangu alikuwa amemzika Hilda mwezi uleule, na maziwa yalikuwa hayajakauka. Enos hakutuomba na sisi hatukuuliza. Alimweka kwenye mapaja ya mke wangu, akarudi kuzika. Hatukuandika popote. Tungeandika nini? Ni mtoto."

Ghati alisogea mezani.

"Baba alituambia mtoto alikufa na mama," alisema. "Nilikuwa na miaka saba. Nililia."

Judith alimwangalia Ghati, na kwa mara ya kwanza katika misimu mitano aliliona paji lile la uso, pana, lenye mkunjo mmoja katikati. Alikuwa akiliona kila asubuhi kwenye kioo.

Mtu wa kwanza kukumbuka kazi alikuwa Shida. Alikuwa na faili la kikundi cha Bugwema wazi mbele yake, na kidole chake kilikuwa juu ya leseni. Katibu: Judith Magige. Uraia: wa kuzaliwa. Kidole hakikuondoka pale, na Felisiani alikiona.

Felisiani alikaa chini kama mtu aliyepigwa. Kama Judith alizaliwa ng'ambo na watu wa ng'ambo, hana karatasi hata moja ya kumfanya raia. Kama si raia, leseni ya kikundi imetolewa kwa maelezo ya uongo. Kama leseni ni ya uongo, ghala halina pa kuhamia, na pilipili ya kaya mia mbili inabaki chini ya lakiri mpaka iote ndevu. Na mtu pekee aliye nje ya mlango mwenye leseni safi ni Apolinary.

"Mzee," alisema taratibu, "ulikuwa unalijua hili jana?"

"Nalijua miaka thelathini na minane. Huyu ndiye aliyekuwa halijui, na ndiye aliyenisukuma nije."

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika ishirini na sita. Felisiani alisimama, akachukua begi lake, akaliweka tena. Akaenda dirishani akasimama akiwapa mgongo. Chini, kando ya barabara, lori alilokodi Apolinary lilikuwa limewashwa.

"Mimi nikigeuka," alisema kwa kioo cha dirisha, "nitachukua karatasi kama ilivyo. Itakavyokuwa, nitaipeleka hivyohivyo. Nina dakika nne."

Wakili alianza kuusoma muhuri wake mwenyewe. Shida alifumba macho.

Mzee Magige aliisukuma karatasi ile taratibu juu ya meza, mpaka ikafika mbele ya Judith. Chini ya jina la Hilda palikuwa na mstari mmoja mtupu.

"Jana uliniuliza kwa nini niliapa uongo," alisema. "Jana haukuwa uongo. Leo nikikuandika hapo, mbele ya Mungu na mbele ya hawa wanaouliza wa kuzaa, ndio utakuwa wenyewe. Na nisipokuandika, nimekukana. Mimi nimefika mwisho, mwanangu. Nikuandike, au nisikuandike?"

Dakika tatu.

Judith alinyoosha mkono, akaichukua kalamu ya baba yake, akaifungua.

Itaendelea wiki ijayo.